Tulikwenda kumjengea Bibi chumba chenye mwanga, nyumba ikatufundisha

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam ilipofunga gati Malindi, mwanangu wa darasa la tano alikuwa ameshashika daftari mkononi. Shuleni wamempa kazi ya likizo: achore nyumba ya bibi yake na aeleze ilivyojengwa. Sisi wazazi wake tulikuwa na kazi yetu, tena nzito kuliko ya kwake. Tulikwenda Mji Mkongwe, Unguja, kukaa kikao cha familia kuhusu nyumba hiyohiyo.

Mama mkwe wangu amepita miaka sabini. Anaishi Kiponda, katika nyumba ya mawe yenye ghorofa moja aliyoachiwa na wazazi wake. Mwezi wa Ramadhani uliopita aliteleza kwenye ngazi saa nane mchana, akavunjika kifundo cha mkono. Si usiku. Saa nane mchana, jua likiwa limewaka nje, yeye ndani alikuwa akipapasa ukuta kutafuta kipandio.

Tangu siku hiyo watoto wake wamekuwa na maoni matatu. Shemeji yangu mkubwa anataka kuongeza ghorofa ya zege juu, wapangishe watalii, Mama apate pesa ya matumizi. Mume wangu anataka ahamie kwetu Dar. Wifi yangu anayeishi Uingereza alituma kwenye kundi la familia picha ya nyumba ya matofali mekundu ya zamani, nyuma yake kumebandikwa chumba kipya cha vioo vitupu, chini mpaka juu. Akaandika: "Tumjengee Mama kama hivi. Aone mwanga."

Mama mwenyewe alijibu kwa ujumbe wa sauti, maneno machache tu. Hahami. Na nyumba haiuzwi.

Mzazi mwenzangu, kama una nyumba ya wazee mahali fulani, iwe Bagamoyo, Lamu, Tanga au Mombasa, nadhani kikao cha namna hii unakijua. Ndiyo maana nimeona nikusimulie tuliyoyaona.

Giza la mchana

Ukitoka bandarini kwenda Kiponda kwa miguu hutembei sana. Njia zinapinda na kubana, kuta ndefu huku na huku, na kivuli chake ni baraka kwa mtu mwenye mizigo na watoto. Wanaume wawili walikuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa. Tuliwasalimu, wakatusogezea miguu tupite.

"Hodi hodi!"

"Karibuni! Piteni ndani wanangu."

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mmekuja na mjukuu wangu? Njoo hapa nikuone."

Hapo ndipo nilipoliona tatizo. Alimshika mtoto mabega, akamvuta mpaka chini ya taa ya umeme ili amtazame uso. Taa ile huwashwa tangu alfajiri. Umeme ukikatika, sehemu ya chini ya nyumba nzima inakuwa kama usiku.

Zamani Mama alikuwa akishona kofia za mkono, zile zenye vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi. Kofia moja humchukua mshonaji wiki nyingi. Kabla hata ya kuvunjika mkono alikuwa ameshaacha. Aliniambia kwa upole, kama anayezungumza habari za mtu mwingine, kwamba macho yake si mabaya kiasi hicho. Akikaa nje barazani anatia uzi kwenye sindano. Akiwa ndani hawezi.

Swali likabaki kichwani mwangu. Watu waliojenga nyumba hii hawakuwa na umeme. Je, walikubali kuishi gizani?

Futi ya kupimia na maswali ya mtoto

Asubuhi ya pili alikuja fundi mwashi, mzee aliyefanya kazi ya chokaa na mawe tangu ujana wake, pamoja na mpwa wake ambaye ni msanifu majengo. Mwanangu aliwafuata kila walipokwenda na futi yake ya kupimia.

Akapima ukuta: sentimita 55. Akapima upana wa sebule: mita 2 na sentimita 70. Akapima chumba cha pili, karibu kipimo kilekile. Cha tatu vilevile. Akauliza kwa nini vyumba vyote ni virefu lakini vyembamba.

Mzee akamwonyesha darini. "Unaona boriti zile? Ni mikoko. Mkoko ulionyooka ukiukata una urefu huo unaofaa kubeba, hauendi mbali zaidi. Basi chumba kinafuata mti. Mti ndio uliotupa kipimo, si sisi."

Juu ya boriti hupangwa mawe membamba, kisha humwagwa mchanganyiko wa chokaa, udongo na kokoto, ukapigiliwa kwa vipande vya mbao siku kwa siku mpaka ugande. Hiyo ndiyo sakafu ya asili. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe imetokana na matumbawe yaliyochomwa tanurini. Ni nyumba iliyotoka baharini karibu yote.

Halafu msanifu kijana akauliza ua uko wapi.

Tukatazamana. Mama akanyoosha kidole kwenye chumba cha katikati, pale penye friji, ndoo na magunia. "Huo hapo. Tuliufunika."

Nyumba za aina hii hapo Mji Mkongwe, na hata zile za Lamu ambazo mpangilio wake ni tofauti kidogo, hazitegemei sana madirisha ya njiani. Njia ni nyembamba, na familia inataka stara. Mwanga na hewa huingia kupitia uwazi wa katikati. Vyumba vinauzunguka uwazi huo na kuuelekea. Jua linapiga kuta nyeupe za chokaa zilizo juu, mwanga unagonga ukuta huu na kurudi ukuta ule, unashuka mpaka chini ukiwa umepoteza ukali. Hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia kutoka njia zenye kivuli.

Familia ilipokua, wajomba wakaoa, nafasi ikawa haitoshi. Mtu akaleta mabati, uwazi ukafungwa, pakapatikana jiko na stoo. Kila mtu alifurahi. Hakuna aliyejua kwamba siku ile ndipo walipoizima taa ya nyumba.

Nakwambia ukweli, niliona aibu kidogo. Tulikuwa tumekuja na picha za vioo kutoka ng'ambo, kumbe mwanga tuliokuwa tukiutafuta ulikuwapo, tumeukalia kwa magunia.

Picha ya Uingereza na jua la Unguja

Mchana huo tulimpigia wifi yangu kwa video. Hakupenda kuambiwa kwamba chumba cha vioo hakitafaa. "Huku watu wanajenga hivi kwenye nyumba za miaka mia na zaidi," alisema, "na zinapendeza."

Ni kweli, na zina sababu yake. Nchi kama Uingereza jua ni la kuwinda. Wakati wa baridi linapita chini karibu na upeo wa macho, siku ni fupi, na nyumba nyingi za zamani za mijini zimeshikana mstari mzima, zina madirisha mbele na nyuma tu. Ukiweka kioo kikubwa upande wa bustani unapata mwanga na joto kwa pamoja, na vyote viwili vinahitajika.

Unguja iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Jua halihitaji kuwindwa, linatuwinda lenyewe. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, adhuhuri linasimama karibu sawa na utosi. Mwezi wa Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, lakini siku zote adhuhuri liko juu sana. Paa la kioo hapo ni sawa na kumweka mzee ndani ya tanuri la mkate.

Msanifu alimchorea mwanangu kwenye daftari. Tunachotaka ni mwanga bila jua lenyewe. Kwa hiyo juu ya ua hatuweki kioo cha kulala. Tunainua kipaa kidogo kisichopitisha jua, na kati ya kipaa hicho na paa la nyumba tunaweka madirisha yaliyosimama, yakitazama kaskazini na kusini. Dirisha lenye urefu wa mita moja likiwa na kipenu kinachotokeza nje zaidi kidogo ya nusu mita, jua la adhuhuri haliingii, hata la Juni. Mwanga wa anga unaingia. Upande wa mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la alasiri huja chini na hakuna kipenu kinachoweza kulizuia, tunaweka mbao za luva.

"Na mvua?" aliuliza Mama. "Masika yalitufanya tuweke bati."

Swali la mwenye nyumba. Kipenu kitasukuma maji yaende kwenye mfereji wa bati na kushuka tangini. Na ule mchirizi wa zamani wa uani, uliozibwa kwa zege wakati wa kuweka jiko, ufunguliwe. Mzee aliutafuta kwa nyundo, akaupata baada ya nusu saa. Ulikuwa mzima chini ya zege.

Tani saba juu ya kichwa cha Mama

Shemeji yangu alifika jioni. Ni mtu wa hesabu, na hoja yake si ya kupuuzwa. Dawa za Mama zina gharama. Nyumba ya mawe inakula pesa kila mwaka. Ghorofa moja zaidi ingejilipa.

Msanifu hakubishana naye. Alimwomba wapige hesabu pamoja. Bamba la zege la mita 4 kwa mita 5, unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 3. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa karibu tani mbili na nusu. Basi tayari ni zaidi ya tani 7, na bado hujaweka kuta, tangi la maji, vitanda wala mtalii mwenyewe. Uzito huo wote unakwenda kukaa juu ya kuta za matumbawe na chokaa ambazo zimeshakunywa unyevu miaka mingi.

Hakuna aliyehitaji kumtaja jirani yetu mkubwa, lakini Mama alimtaja. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kila jengo lina maradhi yake, wala sisemi chanzo kilikuwa kimoja na cha kwetu. Lakini mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe akisikia mlio wa jiwe kushuka ukutani, moyo wake unakwenda Forodhani.

Yako pia mambo ya sheria. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Ukitaka kujenga, kubomoa au kubadilisha, unapeleka ramani na kuomba kibali. Watu wengine wanaona ni usumbufu. Mimi baada ya ile hesabu ya tani nililiona jambo kwa jicho jingine. Nyumba hizi zinaegemeana. Ukikosea kwako, mtoto wa jirani ndiye anayelala upande wa pili wa ukuta.

Shemeji alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Basi nani atalipa? Maana uzuri wa nyumba tunaupenda wote, lakini bili ya chokaa inakuja kwangu."

Hapo ndipo kikao cha kweli kilipoanza.

Chumba cha nyuma

Nyuma ya nyumba kuna kipande kidogo cha ardhi kilichokuwa na jiko la kuni. Jiko lenyewe limeshabomoka, limebaki kifusi na mpapai. Wote tulikuwa tumelisahau. Msanifu alisema hapo ndipo Mama anapoweza kupata chumba kipya cha chini, chenye choo chake, asipande ngazi tena.

Nitakieleza jinsi alivyokichora, maana nadhani kitamfaa mwingine.

Kwanza, chumba kipya hakitaegemea ukuta wa zamani. Kitasimama kwa miguu yake, nguzo za mbao kwenye misingi yake midogo, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye ukuta wa matumbawe. Sababu yake ni kwamba nyumba kongwe na nyumba mpya hazitulii ardhini kwa mwendo mmoja. Ukizifunga pamoja kwa nondo na saruji, mojawapo itapasuka, na mara nyingi ni ile kongwe. Siku yoyote wajukuu wakitaka kukiondoa chumba kipya, kitaondoka na nyumba ya babu itabaki kama ilivyokuwa.

Pili, ule mwanya kati ya kipya na cha zamani ndio utakaoleta mwanga. Juu yake unawekwa ukanda mwembamba wa kioo kigumu chenye luva za mbao juu yake. Mwanga unashuka ukiteleza kwenye ukuta wa mawe uliopakwa chokaa nyeupe, nao ukuta unauangaza chumba kizima. Jua haliangukii kitandani. Maji yanazuiwa kwa bati jembamba lililoingizwa ndani ya lipu ya chokaa, si kwa kubandika saruji.

Tatu, upande wa uani kuna mlango mpana wa kukunja, na juu yake kipenu kirefu cha kukaa mtu na kiti. Upande wa jirani hakuna kioo. Kuna mbao nyembamba zilizopishana, zenye matundu madogo. Aliye ndani anaona mwanga na anapata upepo, aliye nje haoni ndani. Mama aliposikia hilo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa kimya siku mbili akiogopa kuambiwa atalala kwenye kabati la vioo huku jirani akimtazama.

Nne, upepo. Kusi na kaskazi vina njia zake, na mzee alijua upande gani wa ua unapata upi. Matundu yakawekwa pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite. Tundu moja peke yake haliiti upepo.

Ni chumba cha kisasa, hakijifanyi cha karne iliyopita. Hakina mlango wa njumu wala nakshi za kuigiza. Mtu akiingia atajua kipi ni cha mababu na kipi kimeongezwa na watoto wa leo. Nilipenda uaminifu huo.

Ukuta uliotoka jasho

Kabla ya kuondoka niwaambie na kosa letu, maana limetugharimu. Miaka michache iliyopita ukuta wa sebule ulikuwa unamenyeka. Fundi mmoja tuliyempata haraka akaupiga lipu ya saruji, akamalizia kwa rangi ya mafuta. Ulipendeza kama miezi sita. Kisha ukaanza kuvimba, kutoa unga mweupe wa chumvi, na chini kukaota ukungu. Wajukuu wakija likizo wanakohoa.

Mzee alieleza kwamba ukuta wa matumbawe unafyonza maji kutoka ardhini, na lipu ya chokaa inauruhusu kuyatoa polepole kwa hewa. Saruji na rangi ya mafuta ni kama kumvalisha mtu koti la mvua akiwa anatoka jasho. Maji hayapati pa kutokea, yanabaki ndani yakila chokaa inayoshika mawe. Sasa itabidi lipu ile ibanduliwe kwa patasi, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe chokaa upya.

Na tukishaupaka chokaa, mwanga utaongezeka bila kuvunja hata jiwe. Ile rangi ya mafuta tuliyochagua ilikuwa ya kahawia.

Kwa mzazi mwenye nyumba ya zamani

Nimeyaandika haya kwenye simu nikiwa ndani ya boti ya kurudi. Huenda yakakusaidia.

Kabla ya kuongeza kitu, tafuta kilichozibwa. Angalia ua uliofunikwa, dirisha lililojengewa tofali, tundu la hewa lililowekwa kabati. Kufungua ni nafuu kuliko kujenga.

Kaa ndani ya nyumba siku nzima taa zikiwa zimezimwa. Andika mwanga unaingia wapi asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mpe mtoto kazi hiyo, ataifanya kwa makini kuliko wewe.

Usiongeze uzito juu ya kuta kongwe bila mtaalamu kuzikagua. Ukitaka kujenga juu, uliza kwanza kama inaweza kuwa mbao na bati badala ya zege.

Kwenye ukuta wa chokaa, tumia chokaa. Lakini watoto wakae mbali wakati inapozimwa kwa maji, maana inachemka, na ikiingia jichoni inaunguza. Fundi avae miwani na glovu.

Ukifungua ua au kuweka roshani, weka kinga ya kutosha kumzuia mtoto asipande. Ngazi za zamani zina vipandio virefu visivyolingana. Weka mkono wa kushikia, na paka mstari mweupe kwenye ukingo wa kila kipandio.

Uliza ofisi inayohusika kabla hujamlipa fundi. Kubomoa ulichojenga bila kibali ni kulipa mara mbili.

Na muulize mzee anayeishi humo anataka nini. Sisi tulikaa miezi mitatu tukibishana kwenye simu, na hakuna aliyemuuliza Mama kama anaogopa kuonekana na jirani.

Tulipofikia

Kikao hakikumalizika kwa wimbo. Ghorofa ya zege imeachwa. Chumba cha nyuma kimekubaliwa, ramani inapelekwa Mamlaka. Wifi yangu atalipia mbao na madirisha, mume wangu chokaa na lipu, shemeji atasimamia mafundi kwa kuwa yeye ndiye anayeishi karibu. Ile hoja yake ya nani atabeba gharama za kila mwaka bado haijapata jibu kamili. Tumekubaliana kila mmoja achangie kila mwezi, na ninyi mnaojua michango ya familia mnajua kwamba mwezi wa nne ndio mtihani.

Lakini jambo moja hatukulisubiria. Siku ya mwisho, mzee na wanawe wawili walipanda juu na kufungua mabati mawili katikati ya ua, ili msanifu apime kuta za juu. Magunia tulikuwa tumeshayatoa. Bati la kwanza liliposogea, mwanga ulishuka mpaka sakafuni, vumbi likaonekana likielea, na ukutani tukaona kitu ambacho hata mume wangu hakuwahi kukiona: mstari wa vishubaka vidogo vya kuwekea vitu, vilivyochongwa kwenye lipu, nyuma ya pale lilipokuwa friji.

Mama alisimama mlangoni akatazama. Hakusema kitu. Alikwenda chumbani, akarudi na mkoba wa kitambaa, akavuta kiti mpaka pale penye mwanga. Akatoa kofia iliyokuwa imeshonwa nusu, na sindano.

Mkono ule uliovunjika bado haufungi vizuri, kwa hiyo alimwita mjukuu wake amshikie kofia. Mwanangu akaweka daftari chini. Uzi uliingia kwenye tundu la sindano mara ya pili tu.

Jioni bati lilirudishwa, maana mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Pemba na mvua haijui mipango ya familia. Kwenye boti nililifungua daftari la mtoto. Alikuwa amechora nyumba nzima, kuta nene, boriti zote zimehesabiwa. Katikati ameacha mraba mweupe bila kupaka rangi yoyote, na chini yake ameandika kwa penseli: "Hapa ndipo Bibi anashonea."